Bili ya Kontrakta Ikizidi Makadirio

*(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Nyeri mbele ya wanakamati wa ujenzi na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka Othaya, Karatina, Mukurwe-ini, Naro Moru, Nanyuki na Kerugoya. Msemaji ni msimamizi wa ujenzi aliyestaafu. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema.)*



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona. Mmeelewana na kontrakta bei fulani. Mmefanya harambee, mmeuza chai, mmechanga mia mbili mia mbili kila Jumapili. Nyumba imesimama, mabati yanang'aa. Halafu siku moja mtu analeta karatasi, na ile hesabu iliyo chini si ile mliyoizoea. Mwenyekiti anaikunja na kuitia mfukoni. Mweka hazina analala macho wazi. Baada ya wiki moja kijiji kizima kinajua, na kila mtu ana jina la mwizi wake.

Mimi si wakili. Nilisimamia ujenzi kwa miaka mingi, na nilipostaafu nikachaguliwa mweka hazina wa kamati ya kujenga ukumbi wetu, upande wa Kieni. Kwa hivyo nitawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe mwaka wa 2022, maana naona ni afadhali mjifunze kwa aibu yangu kuliko kwa yenu. Jina la kontrakta sitalitaja. Ni jirani yetu, na hata leo tunasalimiana.

Tulielewana ukumbi wa futi 40 kwa 20, kwa shilingi 1,180,000. Bili ya mwisho ilipokuja ilisema 1,642,500. Zidio ni 462,500. Tulikuwa tumeshamlipa milioni moja kwa vipande, na benki tulikuwa na 210,000 tu. Yeye alikuwa ametia kufuli mlangoni na ufunguo anao mfukoni. Na ukumbi ulikuwa umekwisha kodishwa kwa arusi, wiki tatu mbele, pesa za watu tumekwisha kula.

Hebu niwaambie tulivyoanza vibaya. Siku ya mkutano mzee mmoja alisimama akasema tumeibiwa, na akamtaja mwizi kwa jina. Watu wakapiga makofi. Kumbe mke wa kontrakta alikuwa ameketi katika safu ya tatu. Alitoka polepole bila kusema neno. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi nasikia vibaya, kwa sababu nami nilipiga.

Usiku ule nilichukua bili nikaisoma kwa kalamu. Na hapo ndipo nilipoona kosa letu la kwanza. Sote tulikuwa tukibishana juu ya ile 462,500 kana kwamba ni kitu kimoja. Wengine wanasema tulipe yote tuepuke aibu, wengine wanasema tusilipe hata ndururu. Lakini zidio la bili si kitu kimoja. Ni kama gunia lililochanganywa mahindi, maharagwe na mawe. Huwezi kulinunua zima wala kulitupa zima, ni lazima ulimwage chini uchague.

Lakini kabla ya kumwaga gunia, kuna swali ambalo ni lazima mjiulize. Je, ile bei ya kwanza ilikuwa makadirio tu, au ilikuwa bei ya mapatano? Haya ni mambo mawili. Fundi akikuambia, "Mama, hii itakuja kama laki sita hivi," hayo ni makadirio. Anakisia, nawe unajua anakisia. Lakini mkiandikiana kwamba kazi hii, kwa michoro hii, ni shilingi kadha wa kadha, na wote wawili mkatia sahihi, hiyo ni bei. Akikosea hesabu, hasara ni yake, kama vile angepata faida ingekuwa yake. Nimeona watu wengi hapa Nyeri wakidai makadirio yaheshimiwe kama bei, na makontrakta wakitaka bei iwe makadirio. Rudini kwenye karatasi. Kama hakuna karatasi, poleni, mtabaki na kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za watu hufuata mifuko yao.

Sisi tulikuwa na karatasi. Kurasa mbili, lakini zilikuwa na sahihi, na zilikuwa na orodha ya kazi na bei ya kila kazi. Hiyo orodha ndiyo iliyotuokoa.

Nilimwendea kontrakta nyumbani kwake jioni, mimi na katibu. Sikuenda na bili, nilienda na sukari. Tulinywa chai. Nikamwambia, "Bwana, tumekukosea kwenye mkutano, na mwenyekiti atasimama mbele ya watu aseme hivyo. Juu ya pesa sijui bado. Nakuomba utugawie hii bili, kila kitu na sababu yake." Alinyamaza kitambo, halafu akasema hakuna aliyemwomba hivyo tangu mwanzo. Siku ya tatu akaleta mgawo. Nao ulikuwa hivi: msingi, 129,000. Kazi za nyongeza, 164,500. Kupanda kwa bei za vifaa, 61,000. Mkanda wa zege juu ya madirisha, 37,000. Na "mengineyo", 71,000.

Tuchukue zile za nyongeza kwanza, maana hapo ndipo uso wangu ulipoiva. Madirisha makubwa zaidi, 46,000. Tailsi sakafuni, 71,500. Kibaraza cha mbele, 47,000. Nani aliagiza? Madirisha aliyaagiza mwenyekiti alasiri moja, akipita kwenda Kiganjo. Tailsi waliziomba akina mama, kwa sababu ukumbi wa kukodisha kwa arusi haupendezi na sakafu ya simiti. Na kibaraza, ndugu zangu, nilikiagiza mimi. Nilisimama pale na fimbo yangu nikasema, "Bwana, si ungetuwekea kibaraza kidogo, watu wasinyeshewe?" Naye akanijibu, "Hakuna shida, mzee."

Sasa mniulize, mtu aliyesimamia mijengo ya wengine alikuwa wapi? Alikuwa pale pale, akiagiza kwa mdomo. Tumezoea kudhani "hakuna shida" ya fundi maana yake ni bure. Maana yake ni kwamba inawezekana. Bei hujui mpaka uulize.

Hata hivyo hatukulipa 164,500 yote, na hapa nawaomba mfungue daftari, kwa sababu hili kamati nyingi hazilijui. Mkibadilisha kazi, kile kilichoachwa ni lazima kiondolewe. Katika orodha yetu ya kwanza kulikuwa na sakafu ya simiti laini, 28,500. Haikufanywa, mahali pake pakawekwa tailsi. Lakini ile 28,500 ilikuwa bado imo ndani ya 1,180,000, na tailsi zikaongezwa juu yake. Yaani tulikuwa tukilipia sakafu mbili katika chumba kimoja. Sidhani alikusudia. Aliandika alichoongeza akasahau alichoacha, kama tunavyofanya sisi sote. Tulipomwonyesha, akakubali. Ikabaki 136,000.

Kuhusu msingi, alisema udongo mweusi ulimlazimu kuchimba futi 5 badala ya 3. Ninyi wa Naro Moru na Nanyuki mnaujua udongo ule. Wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia, wakati wa mvua unavimba. Ukijenga juu yake bila kuutoa, baada ya misimu miwili ukuta una ufa wa kupitisha kidole. Kwa hivyo kuchimba zaidi kulikuwa haki, na kama asingechimba ningemlaumu zaidi. Lakini alihesabu kuta zote nne. Kijana wetu mmoja alikuwa amepiga picha kwa simu siku zile za kuchimba, kwa furaha zake tu, na picha zilionyesha ni kuta mbili ndefu ndizo zilizoshuka futi 5. Upande wa juu udongo ulikuwa mzuri. Kuta mbili ndefu ni futi 80 kati ya 120. Theluthi mbili za 129,000 ni 86,000. Hakuna aliyebishana na picha.

Kitu kilichofunikwa ardhini hakiwezi kupimwa baadaye. Mwanakamati aende na futi kabla zege halijamwagwa, aandike vipimo, naye kontrakta atie sahihi. Picha ya simu ni nzuri, lakini weka futi ndani ya shimo ndipo upige.

Juu ya bei kupanda nitakaa kidogo, kwa sababu kontrakta hudanganya hapo na wakati mwingine husema kweli tupu. Wazee mnaikumbuka 1993, mwaka ambao bei nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Makadirio ya Januari yalikuwa hayafai Julai. Na kati ya 2020 na 2022 bei za chuma zilipanda dunia nzima, si Kenya peke yake. Kwa hivyo mtu akisema vyuma vimepanda, usimcheke. Mwombe risiti, uangalie tarehe.

Risiti zake zilionyesha hivi. Vyuma vilimletea zidio la 39,000, lakini alivinunua mwezi wa nne wa kazi, na sisi tulikuwa tumempa 400,000 wiki ya kwanza anunue vifaa. Angevinunua wakati ule vingekuwa kwa bei ya zamani. Pesa zetu zilifanya kazi nyingine huko kwingine, nadhani katika mjengo wake wa Karatina. Hiyo hatukulipa. Mabati yalileta zidio la 22,000, na hayo aliyanunua kwa kuchelewa kwa sababu sisi tulichelewesha malipo ya pili kwa wiki saba, tukingoja watu watimize ahadi za harambee. Hiyo tulilipa. Ukichelewesha pesa za mtu, kuchelewa kuna bei yake.

Mkanda wa zege ni hadithi fupi. Ulikuwa katika michoro, yeye aliusahau katika hesabu. Bei ilikuwa ya mapatano, basi kosa ni lake, 37,000 zikaanguka. Wengine katika kamati walimwonea huruma, na mimi pia kidogo. Ingekuwa makadirio tu bila mapatano, ningesema tulipe, maana mkanda tumeupata na umeshika nyumba.

Na "mengineyo". Jamani, msilipe kamwe neno "mengineyo". Tulimwomba aandike ni yapi. Maji ya boza, 18,000, kwa sababu tulimwahidi maji ya mfereji na mfereji ukakauka. Hiyo ni haki yake. Mlinzi wa usiku, 15,000. Mlinzi alikuwa akilinda vifaa vyake na mapatano yalisema ni juu yake. Zile 38,000 zilizobaki alizitazama kwa muda, akasema tuziache.

Jumlisheni sasa. 136,000 na 86,000 na 22,000 na 18,000. Inakuja 262,000. Yule tuliyemwita mwizi alikuwa na haki ya zaidi ya nusu ya zidio lake, na sehemu kubwa zaidi tuliiagiza kwa midomo yetu. Na sisi tulikuwa na haki ya kutolipa 200,500. Nyumba ikawa 1,442,000.

Pesa zenyewe tulizipata wapi? Hatukuzipata zote mara moja. Deni lilikuwa 442,000. Tulizuia asilimia 5 ya bei yote, yaani 72,100, kwa miezi sita, ili tuone mvua itasema nini. Hii ni desturi ya kawaida katika ujenzi, si kumdharau mtu, lakini inapendeza iandikwe tangu mwanzo. Yeye alikubali kwa ajili ya ujirani. Siku ile ile tulimpa 210,000 zilizokuwa benki, naye akatupa ufunguo. Zile 159,900 zilizobaki tukamlipa kwa miezi mitatu, 53,300 kila mwezi, kwa cheki na risiti. Arusi ilifanyika. Mwezi wa Aprili mvua ikaja, paa likavuja pale juu kwenye kilele, akaja na vijana wake akalitengeneza siku mbili bila kudai kitu. Tukamrudishia 72,100 zake.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mama. Mama anauliza, na asipokubali kuketi?

Basi fanyeni hivi. Kwanza lipeni kile ambacho hakuna ubishi juu yake. Ukizuia hata pesa unazokubali kwamba unadaiwa, umejitia makosani, na wafanyakazi wake wanaolala njaa hawana kosa. Andikeni barua mseme mnalipa hiki kwa sababu hii, mnapinga kile kwa sababu ile, mhifadhi nakala. Msishike mashine yake ya kuchanganya zege, wala msitume vijana wa kuvunja kufuli. Halafu tafuteni mtu wa tatu anayejua kupima, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, mmlipe kwa nusu nusu. Ada yake itawauma, lakini kwa bili ya malaki mara nyingi inajirudisha. Apime kazi iliyopo na atumie bei zile zile za orodha ya kwanza. Kama futi moja ya ukuta ilikuwa na bei fulani mwanzoni, futi ya nyongeza ya ukuta wa namna hiyo ina bei hiyo hiyo.

Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Lakini hakimu atakuuliza kile kile nilichowauliza: karatasi iko wapi?

Na kabla ya kumpa mtu kazi, ulizeni kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011.

Serikali yenyewe inajua ugonjwa huu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema bei ya mkataba isiongezwe ndani ya miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe bei kwa zaidi ya asilimia 25. Sheria hiyo haiwahusu ninyi mnaojenga ukumbi kwa pesa zenu, lakini mnaweza kuiga. Andikeni katika mapatano kwamba zidio likifika asilimia 10, kazi isimame watu waketi. Sisi zidio letu la bili lilipita asilimia 39, na hakuna aliyesimamisha chochote.

Wala msidhani ni sisi wa mlimani tu. Huko Sydney, Australia, walikadiria mwaka wa 1957 kwamba jumba lao la muziki litagharimu dola milioni 7 za kwao. Lilipofunguliwa mwaka wa 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Moja ya sababu ni kwamba walianza kujenga kabla michoro haijakwisha. Kibaraza changu kile, lakini kikubwa kidogo.

Neno kwa wale wanaonunua vifaa wenyewe na kumlipa fundi leba tu, maana najua wengi mnajenga hivyo nyumbani. Kwenu bili haizidi. Kinachozidi ni mifuko ya simiti. Fundi alisema 60, mwafika 90 na bado ukuta haujapigwa plasta. Mnunulie kwa hatua, msingi kwanza, kisha kuta. Andika mifuko inayoingia stoo, na mwambie akurudishie mifuko mitupu uihesabu kila Jumamosi. Ikiwa mitupu ni 20 na ulitoa 26, muulize kwa heshima ile 6 imekwenda kwa nani.

Tulipojenga vyoo mwaka uliofuata, tulimpa kazi kontrakta yule yule. Wengine walishangaa. Safari hii tulinunua daftari lenye karatasi ya kaboni. Mtu mmoja tu, katibu, ndiye mwenye ruhusa ya kuagiza mabadiliko. Anaandika ni nini kinaongezwa, nini kinaachwa, na bei yake, kontrakta anatia sahihi, kila mmoja anabaki na nakala. Mwenyekiti alipita siku moja akataka mlango uhamishwe upande wa pili. Kontrakta akamjibu, "Hakuna shida, mzee, lakini mwone katibu." Mlango haukuhamishwa.

Daftari lenyewe ninalo hapa, mnaweza kulitazama. Naambiwa chai iko tayari. Wale waliokuja na bili zao, na naona mko zaidi ya watatu, tukutane kwenye meza ile ya dirishani, na mje na mapatano ya kwanza, si bili peke yake.